Mwanangu Ananifundisha Kazi Niliyomfundisha Mimi

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni fundi magari hapa Dar, gereji yangu ni hizi za chini ya mwembe, sina shimo wala lifti, nina jeki mbili, kabati la chuma la spana na wateja ambao wengine nimewarithi kwa baba zao. Nina miaka 51. Kazi nilianza 1990 nikiwa spana boi, nimetoka zangu la saba, na fundi aliyenilea alikuwa mkali kwelikweli, ukimpa spana namba 13 wakati kaomba 14 inarudi kichwani kwako. Lakini alinifundisha. Nimekua na Datsun, Peugeot 504, Land Rover, Corolla za kabureta, nilikuwa nasikiliza injini dakika moja tu nakwambia hii tapeti zimelegea, hii delko imehama, na nikisema imehama imehama kweli.

Sasa hizi gari za siku hizi Bi Mkubwa zimeniweka pabaya. Mwezi uliopita mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi kaniletea IST yake, inamisi na taa ya injini inawaka. Jumatatu nikatoa plagi nikasafisha, gari ikaenda, Jumatano ikarudi. Nikaweka plagi mpya zote nne, ikaenda tena, Ijumaa ikarudi inatetemeka kama ina homa. Sasa mimi nina kijana wangu wa kwanza, ana miaka 19, kamaliza fomu foo mwaka juzi na ananisaidia pale. Yeye muda wote yuko kwenye simu anaangalia YouTube, mimi najua anapoteza muda, kumbe kajinunulia kadude kadogo ka elfu thelathini kanachomekwa chini ya usukani halafu kanaongea na simu. Siku hiyo nikiwa nimeinama kwenye boneti yeye kachomeka, nasikia tu anasema kwa sauti, mteja yupo, na jirani yangu fundi rangi yupo, "Baba, ni silinda namba moja haichomi, hiyo ni koili."

Tukabadilisha koili. Gari ikatulia. Yule mama akasema "kumbe ningempa huyu kijana tangu Jumatatu," akafungua pochi akampa kijana hela mkononi na mimi nimesimama pale na grisi yangu. Sikusema kitu. Ila jioni nikachukua kale kadude nikakatumbukiza kwenye kopo la bolti za zamani, nikamwambia gereji yangu haifanyi kazi kwa ramli. Maneno yakawa mengi, na mimi niliongea vibaya nakiri. Sasa ni wiki ya tatu anashinda gereji nyingine ya watu wenye mashine kubwa ya kupimia, nyumbani analala lakini chakula anakula baada ya mimi kuingia chumbani.

Na juzi kaja mtu na Prius, hizi zenye betri kubwa, spana boi wangu alikuwa tayari kashafungua kiti cha nyuma anataka kuigusa nikamzuia, si kwa sababu najua, kwa sababu siijui. Mwenye gari akaondoka.

Mke wangu anasema nimeze mate nimwite mtoto. Rafiki yangu anasema niuze vifaa nifungue duka la spea. Mimi Kiingereza sijui, na zile mashine zinaongea Kiingereza. Kwa umri huu naanza shule wapi jamani? Au zama zangu zimeisha tu nikubali?

Fundi wa chini ya mwembe

---

Marahaba mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili na nimecheka mara moja, pale kwenye kopo la bolti, samahani lakini nimecheka. Nimecheka kwa sababu najijua. Mimi kabla ya kustaafu nimefundisha mchoro wa kiufundi kwenye chuo miaka mingi, kazi yangu ilikuwa ubao, ti-skwea, penseli ngumu iliyochongwa mpaka inachoma, na karatasi ambayo ukiifuta vibaya inatoboka na unaanza upya. Mwaka 2004 chuo kikaletewa kompyuta nane zenye AutoCAD, programu ya kuchorea, na mkuu akasema muhula ujao somo lako litahamia humo. Nilikuwa na miaka 47 na sijawahi kushika mausi. Wiki ya kwanza nilifunga kile chumba na kitasa nikasema funguo imepotea. Funguo ilikuwa kwenye sidiria yangu. Kwa hiyo hilo kopo lako naliheshimu.

Tuanze na ile Ijumaa maana naona hapo ndipo unapoumia, kompyuta ya gari ni kisingizio. Naomba uitazame tena ile kazi kwa macho ya fundi, siyo ya mtu aliyeaibishwa. Mashine ilisema nini? Kama gari ilikuwa na kosa unalolieleza basi namba iliyotokea kwenye simu ya kijana bila shaka ni P0301, na P0301 haisemi koili. Inasema tu silinda namba moja haichomi. Silinda inaweza isichome kwa sababu ya plagi, koili, nozeli, waya, hata kompresheni ikiwa imekufa. Sasa kijana alijuaje ni koili? Alijua, au alibahatisha vizuri, kwa sababu plagi mpya ulishaziweka wewe Jumatano! Wewe ndiye uliyeitoa plagi kwenye orodha. Bila mikono yako ya siku zile mbili yeye angeanza na plagi vilevile na mama angerudi Jumapili. Mteja hakuliona hilo, kijana hakuliona, na mbaya zaidi wewe mwenyewe hukuliona, ukasimama pale kama mtu aliyeshindwa mtihani wakati nusu ya majibu ni ya kwako.

Na nikuongeze kitu ambacho mngekifanya pamoja. Kabla hujanunua koili mpya, unachukua koili ya silinda namba moja unaihamishia namba mbili, ya namba mbili unaileta namba moja, unafuta kosa, unawasha gari unaipeleka mzunguko mmoja. Namba ikibadilika ikawa P0302 basi ugonjwa umehama na koili, ndiyo yenyewe. Ikibaki P0301 koili haina kosa, tafuta kwingine. Hiyo ni akili ya fundi wa zamani kabisa, ya kuhamisha kitu uone kama ugonjwa unakifuata, wewe umeifanya na waya za plagi za Datsun mara ngapi? Kilichoongezeka ni namba tu ya kukwambia uanzie wapi.

Sasa Kiingereza. Mdogo wangu hapo umejitisha bure. Hizo namba zina mpangilio na siyo lugha ya mtu. Herufi ya mwanzo: P ni injini na giaboksi, B ni bodi, C ni mambo ya chini kama breki na usukani, U ni pale vifaa vya gari vinaposhindwa kuwasiliana. Sifuri inayofuata maana yake kosa hilo linaitwa hivyo kwa magari ya kampuni zote, ikiwa moja ni la kampuni yenyewe. Ukiona P01 uwe unafikiria hewa na mafuta, P03 moto wa plagi, P07 giaboksi. Na kwenye hizo P03 za kumisi tarakimu ya mwisho ndiyo silinda. Kiingereza kiko wapi hapo? Nunua daftari la kaunta, kila gari inayosomwa andika tarehe, gari gani, namba gani, mlikuta nini na mlifanya nini, kwa Kiswahili chako na mwandiko wako huohuo. Daftari hilo likifika kurasa arobaini utakuwa na kitu ambacho wale wenye mashine kubwa hawana, maana magari ya Dar yana magonjwa ya Dar, vumbi letu, mafuta yetu, mashimo yetu, na hakuna video ya mtu wa Marekani inayokufundisha hayo.

Halafu usidhani hii ni mitambo ya juzi. Marekani waliilazimisha ile soketi ya pini 16 ya kuchomekea hako kadude kwenye magari yote mapya ya kuanzia 1996, Ulaya wakafuata 2001 kwa magari mapya ya petroli. Wewe umepishana nayo chini ya usukani miaka yote hii ukidhani ni ya redio sijui. Ila ujue pia kadude ka elfu thelathini kana mipaka yake, kwa baadhi ya magari ya Japani ya zamani kidogo kanagoma kabisa kusoma, na mengine kanasoma injini tu, ABS na eabegi hakagusi. Kwa hiyo usikimbilie kukopa hela ya mashine ya mamilioni, kwanza kamalizeni hako.

Nikupe mfano mwingine wa upande wako maana naogopa utaona nakubembeleza. Kuna P0171, ukiitafsiri ni kwamba mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Vijana wengi wakiona hiyo wanakimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, kwa sababu sensa ndiyo iliyolalamika. Sensa yenyewe haina kosa, imetoa taarifa tu! Mara nyingi unakuta mpira wa hewa pale baada ya eya klina umepasuka chini usipoonekana, hewa inaingia bila kupimwa. Wewe mwenye sikio la 1990 ukisimama pembeni ya hiyo gari ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, unausikia ule mluzi mdogo, ssss, na unapitisha mkono chini ya mpira unaupata mpasuko kwa kidole. Kijana wako hana hicho kidole bado. Hajapigwa spana kichwani mara za kutosha (natania, usimpige mtu spana).

Na kuna uchafu mmoja unaingia mjini ambao nataka uukatae mapema, mtu anachomeka mashine, anafuta taa, anapokea elfu ishirini, gari inaondoka taa imezima na ugonjwa umebaki palepale. Baada ya siku mbili tatu taa hiyo tena. Wewe na jina lako la miaka thelathini na tano ukiingia kwenye huo mchezo utakuwa umeuza kitu ambacho duka la spea halilipi.

Nirudi kwenye kile chumba cha kompyuta nane. Funguo niliitoa siku ya tisa. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, mtundu, hana adabu sana lakini mikono myepesi, nikamwita nikamwambia saa kumi jioni wenzako wakienda uwanjani wewe njoo, utanifundisha, chai na chapati juu yangu, na ukimwambia mtu mmoja nakukata maksi. Tulifunga mlango wiki sita. Siku za mwanzo nilikuwa natamani kulia, mtoto anabonyeza vitu vitatu kwa pamoja anasema "si unaona madam," sioni chochote. Nikamwekea sheria: usishike mausi yangu, sema kwa mdomo, mimi ndiye nabonyeza. Hapo ndipo nilianza kushika.

Wiki ya nne akanionyesha mchoro wake wa bracketi moja, mzuri unang'aa, mistari imenyooka kuliko niliyowahi kuchora mimi maisha yangu yote. Nikautazama nikamuuliza, hii bolti fundi ataifunga na nini? Alikuwa ameweka tundu la bolti karibu na ukuta wa chuma kiasi kwamba spana haiingii. Kompyuta haikumwambia kitu, kwake ilikuwa duara tu. Siku hiyo tulikaa mpaka saa moja usiku, nusu ananifundisha yeye, nusu namfundisha mimi, na chapati nilinunua mbili mbili.

Kwa hiyo swali lako la naanza shule wapi, jibu langu ni kwamba unaanzia palepale chini ya mwembe, lakini mpangilio ndio ubadilike. Kosa la kijana wako ni kusema mbele ya mteja. Hilo ni kosa na umwambie, fundi hamsahihishi fundi mbele ya mwenye gari, hata angekuwa siyo baba yake. Lakini wewe kusema ni ramli, halafu kuficha kifaa alichonunua kwa hela yake, hilo la kwako ni kubwa zaidi kwa sababu wewe ndiye mkubwa. Na usinipe habari za watoto wa siku hizi hawana heshima, mtoto asiye na heshima angekutoka kimoja, huyu bado anasubiri uingie chumbani ndipo ale.

Muweke saa. Asubuhi kabla gari hazijaja, saa moja hadi saa mbili, mlango wa kabati wazi na mteja hayupo, hiyo saa moja yeye ndiye mwalimu na wewe unabonyeza, asishike simu. Mchana kwenye gari ya mteja wewe ndiye fundi, yeye akisoma namba anakuletea wewe kimya kimya, na wewe ndiye unayeongea na mwenye gari. Hela inaingia kwako na unamgawia kwa mahesabu yanayojulikana, usimpe ya soda, mtu anayeleta kazi siyo spana boi tena.

Prius ulifanya vizuri kuiacha. Tena vizuri sana na sitaki ujione mnyonge kwa hilo. Betri uliyoizoea ni volti 12, ile kubwa kwenye Prius inapita volti 200, na ni umeme unaokaa pale hata gari ikiwa imezimwa. Ndiyo maana nyaya zake zimepakwa rangi ya chungwa. Wanaoijua wanachomoa plagi ya usalama, wanavaa glavu maalumu za umeme siyo zile za bustani, halafu wanasubiri kama dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye inveta uishe ndipo wanagusa. Hayo nayataja ili ujue ukubwa wake, usiende kuyajaribu kwa kusoma barua yangu. Spana boi wako mkataze kwa ukali wote wa yule mzee aliyekulea. Hiyo kazi inataka kozi ya darasani, mtu anakuonyesha, unarudia mbele yake. Breki zake, bushi, shokapu na beringi fanya bila wasiwasi, barabara zetu hazibagui betri.

Hapo sasa ndipo VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi, inaingia. Wana utaratibu wa urasimishaji wa ujuzi kwa mafundi kama wewe waliojifunzia mtaani, hawakurudishi kukaa dawati moja na watoto wa fomu foo wakufundishe spana ni nini. Wanakupima kwenye kazi unayoifanya, wanaona una nini na umepungukiwa nini, unapigwa msasa kwenye mapengo yako halafu unapata cheti. Nenda chuo chao kilicho karibu nawe uulizie lini wanapokea na gharama ni kiasi gani. Cheti hicho ukitaka kuomba kazi ya kuhudumia magari ya ofisi fulani kitakufaa, na ukitaka kozi fupi ya umeme wa magari au ya haibridi, magari ya petroli na betri kubwa kama ile Prius, una pa kuanzia. Sasa hivi hata serikali yenyewe imerudi kwenye spana, sera ya elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali sekondari na 2024 baadhi ya shule zikaanza nao fomu wani, maana yake watoto wataanza kushika vifaa mapema na watahitaji mafundi wa kujifunza kwao. Mimi ningekuwa wewe ningetaka kuwa mmoja wao.

Duka la spea? Unajua kuuza wewe? Barua yako yote hakuna mstari unaoonyesha unapenda kuuza. Rafiki yako anakushauri kwa sababu yeye anataka duka.

Nitakueleza na linalokuja ili usije ukaniandikia tena 2030. Gesi yetu ya Songo Songo inafika Dar tangu 2004 na sasa bajaji na teksi ngapi umeziona zimebeba mtungi? Kufunga ile mifumo kunafundishwa, DIT, ile taasisi ya teknolojia ya Dar, wamekuwa wakiifanya kazi hiyo, na ule mtungi una presha ya baa 200, tairi yako ina mbili na kidogo, kwa hiyo na penyewe ni darasani siyo kwenye simu. Wenzetu Ethiopia 2024 walipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Kwetu IST zipo na zitakuwepo, utakula nazo miaka mingi tu, lakini haibridi zimeshaingia na moja imeshakukimbia juzi.

Sasa leo jioni kabla hujafunga kabati, toa kale kadude kwenye kopo, kafute grisi kwa kitambaa kikavu, usitumie petroli maana kana plastiki. Kijana akirudi usianze na hotuba. Mwambie kuna gari hapa naisikia mluzi lakini sioni mpira uliopasuka, njoo kesho saa moja uisome tulinganishe. Na yule mama wa IST mpigie simu wewe mwenyewe, mwambie zile koili tatu zilizobaki umri wake ni uleule wa ile iliyokufa, ajiandae na hela kidogo kidogo, na akija aulizie kwa nyie wawili.

Bi Mkubwa